Mpira uliodondoka wima: kasi hupimwa kwa kulinganisha na nini?

Swali: Nafundisha fizikia shule ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wameona video mbili simuni. Moja ni ya lori linalokimbia maili 60 kwa saa na kufyatua mpira kuelekea nyuma kwa kasi ileile. Mpira unadondoka chini wima kana kwamba umeachiwa kutoka mkononi. Nyingine ni ya gari dogo likipanda rampu na kuingia ndani ya lori lililo mwendoni. Nusu ya darasa wanasema zote ni uongo wa kompyuta, na kwamba gari lile lingetoboa ukuta wa mbele wa lori. Niwaeleze vipi, na je, naweza kuwaonyesha kitu kama hicho shuleni bila kumuumiza mtu?

Jibu: Majaribio ya aina zote mbili yamefanywa kweli mbele ya kamera, Mwalimu, na hesabu yake iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wako. Kwa kila kinachotokea wafundishe kuuliza swali moja tu: kasi hiyo ni kwa kulinganisha na nini? Barabara ni fremu moja ya rejea, yaani kitu unachokihesabu kuwa kimetulia unapopima mwendo, lori ni nyingine, na hewa ni ya tatu. Makosa karibu yote ya mada hii hutokana na kuchukua kasi ya fremu moja na kuitumia ndani ya nyingine.

Tuanze na mpira. Maili 60 kwa saa ni kama kilomita 97 kwa saa, yaani mita 27 kwa sekunde. Kabla ya kufyatuliwa, mpira umo ndani ya bomba na tayari unakwenda mbele kwa mita 27 kwa sekunde, sawasawa na dereva. Hewa iliyoshindiliwa inausukuma nyuma kwa mita 27 kwa sekunde kwa kulinganisha na bomba. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, hesabu ni 27 kutoa 27. Mpira unatoka kwenye mdomo wa bomba ukiwa hauna mwendo wa mbele wala wa nyuma, na kinachobaki ni kuanguka. Kwa aliyekaa ndani ya lori akitazama nyuma, mpira umemkimbia kwa kilomita 97 kwa saa. Wote wawili wameona sawa.

Ugumu wa jaribio hili uko kwenye usahihi. Kama mdomo wa bomba uko mita 2 juu ya lami, mpira unachukua sekunde 0.64 kufika chini. Mfyatuo ukipungua kwa asilimia 5 tu, mpira unabaki na mita 1.35 kwa sekunde za kwenda mbele, na utatua karibu sentimita 86 mbali na pale ulipotakiwa. Shinikizo la hewa likitofautiana kidogo kati ya mfyatuo na mfyatuo, au mpira ukiwa na nafasi ya kuvujisha hewa pembeni, tayari umekosa. Tena nyuma ya lori kuna hewa inayokokotwa na lori lenyewe, na hewa hiyo huvuta mpira mbele kidogo. Ukishapita eneo hilo, mpira unakuwa umetulia kwa kulinganisha na hewa ya kawaida, kwa hiyo hakuna upepo wa kuupeleka popote. Ndiyo maana mdondoko wake unapendeza kuliko wa mpira uliorushwa.

Mwanafunzi mwenye akili atakuuliza nishati imekwenda wapi. Mpira wa miguu wa kilo 0.43 ulikuwa na jouli 157 kabla ya mfyatuo, kwa hesabu ya mtu wa barabarani. Hewa ikaongeza kazi ya jouli nyingine 157, halafu mpira ukawa na sifuri. Usimwambie zimepotea kwenye sauti na joto. Bomba lilisukumwa mbele kwa msukumo uleule uliousukuma mpira nyuma, na bomba limefungwa kwenye lori linalokwenda mita 27 kwa sekunde. Zidisha msukumo huo (tungamo mara badiliko la kasi) kwa kasi ya lori: 0.43 mara 27 mara 27, unapata kama jouli 314. Jumla yote imeingia kwenye lori. Kwa lori la tani kadhaa ongezeko hilo la kasi halionekani hata kwa vyombo vizuri, lakini kwenye daftari linakaa sawasawa.

Sasa gari linaloingia ndani ya lori. Hapa wanafunzi wako wana hoja, kwa sababu magurudumu yanazunguka kwa kasi ya barabarani. Tuseme lori linakwenda kilomita 80 kwa saa na gari 88. Kwa kulinganisha na lori, gari linasogea kwa kilomita 8 kwa saa, kasi ya mtu anayekimbia polepole. Lakini tairi inapogusa rampu, uso wake bado unazunguka kwa kilomita 88 kwa saa juu ya kitu ambacho, kwa gari, kinasogea kwa 8 tu. Tairi itateleza, na msuguano utalisukuma gari mbele. Kiasi gani?

Kinachoweza kulisukuma gari ni mzunguko uliohifadhiwa kwenye magurudumu, na huo ni mdogo. Chukua gari la tani 1.2, magurudumu manne yenye nusukipenyo cha mita 0.3, kila moja na inesha ya mzunguko (ukinzani wake dhidi ya kubadilishiwa mzunguko) ya kama kilo 1 mita mraba. Gawa inesha hiyo kwa mraba wa nusukipenyo, na magurudumu yote manne yanakuwa sawa na tungamo la kilo 44 hivi, linalokwenda kilomita 80 kwa saa zaidi ya gari. Kilo 44 zikigawana momenta yake (tungamo mara kasi) na kilo 1,200, gari linaongezeka kasi kwa karibu kilomita 3 kwa saa. Kutoka 8 unafika 11. Tairi hulia na kutoa moshi kidogo kwa sehemu ya sekunde, basi. Dereva akikanyaga breki vizuri kwenye sakafu yenye mshiko, anasimama ndani ya mita moja hivi.

Hesabu hiyo inashika ikiwa injini imekatwa. Klachi ikibaki imeshika, uzito unaozunguka wa injini nao unaingia kwenye hesabu, na mguu ukibaki kwenye mafuta injini inaendelea kusukuma. Hapo ndipo gari linaweza kweli kugonga ukuta wa mbele. Kwa hiyo magurudumu yanayoendeshwa na injini yanapogusa rampu, mguu wa kulia unatoka kwenye mafuta na wa kushoto unakanyaga klachi.

Kuna jambo jingine ambalo video hazilionyeshi. Kilomita 8 kwa saa zinatosha kukupandisha sentimita 25 tu kwa kasi uliyonayo, na sakafu ya lori iko juu zaidi ya hapo, hivyo gari linahitaji kuendelea kusukumwa. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma lina nafuu kubwa: yale ya mbele yanapanda rampu huku ya nyuma yangali kwenye lami, yakisukuma kwa gia ileile ya barabarani, mpaka sehemu kubwa ya gari imeshaingia. La magurudumu ya mbele linapata taabu. Yakishagusa rampu yanazunguka kwa kasi ya mtembeaji, na injini iliyo kwenye gia ya nne kwa mwendo huo itazima. Dereva anatakiwa awe ameshashuka hadi gia ya kwanza ndani ya sekunde chache, juu ya mteremko unaotikisika. Ongeza upepo wa pembeni, rampu inayodunda kwenye lami, na lori linalopunguza mwendo kila uzito unapoongezeka, utaelewa kwa nini kazi hii hufanyiwa kwenye barabara iliyofungwa, na watu wa kazi hiyo.

Na gari likishaingia, lazima lizuiwe kwa vigingi na mikanda kabla lori halijafunga breki. Lori linapopunguza mwendo, gari lisilofungwa linaendelea na kilomita zake 80.

Kama unataka mfano wa zamani wa kuwasisimua, kuna marubani wa maonyesho wa Marekani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ormer Locklear alipata umaarufu mwaka 1919 kwa kutoka kwenye ndege moja na kuingia nyingine angani. Mwaka 1921, huko California, Wesley May alitoka ndege moja hadi nyingine akiwa na kopo la petroli mgongoni, akaimimina kwenye tangi la ile ya pili. Ndege zenyewe zilikwenda kama kilomita 100 kwa saa juu ya nchi, lakini kati ya moja na nyingine tofauti ilikuwa karibu sifuri, na hiyo ndiyo kasi iliyohusika wakati mkono unashika bawa. Vyombo vinavyounganishwa na kituo cha anga za juu vinafanya jambo lilelile leo: kituo kinakwenda zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa kuizunguka dunia, na chombo kinakigusa taratibu kuliko mtoto anayetambaa.

Lakini wale wa 1919 walikuwa na hewa, na hewa haikwenda pamoja nao. Mtu aliyesimama juu ya bawa kwa kilomita 100 kwa saa anasukumwa na upepo kwa kani ya nyutoni 300 hivi, sawa na uzito wa kilo 30 unaomvuta nyuma bila kupumzika. Waulize wanafunzi: kwa nini abiria ndani ya ndege ya leo anatembea kwenda chooni bila kuhisi chochote? Ni kwa sababu hewa yake imefungiwa naye. Hilo Galileo aliliandika mwaka 1632 kwa mfano wa chumba cha chini cha meli. Mwaka 1640 Pierre Gassendi alilijaribu hadharani Marseille, kwa kudondosha mawe kutoka juu ya mlingoti wa meli iliyo mwendoni, yakatua mguuni mwa mlingoti. Wanafunzi wako wa Tanga wanajua jahazi, kwa hiyo wape hesabu hii: mlingoti wa mita 10, chombo kinakwenda mita 3 kwa sekunde. Kama jiwe lingepoteza mwendo wa mbele mara linapoachiwa, lingeanguka mita 4.3 nyuma ya mlingoti. Hakuna baharia ambaye angekosa kuona tofauti hiyo.

Watakuuliza pia kuhusu konda anayeruka kutoka kwenye daladala kabla haijasimama, na uwajibu kwa namba, kwa sababu huu ndio mchezo wa hatari walio nao karibu. Konda anaruka akitazama mbele, mwili umelala nyuma kidogo, na miguu inaanza kukimbia mara inapogusa lami. Miguu inasimamishwa na barabara huku kiwiliwili kingali kwenye fremu ya gari, na hatua zile za haraka ndizo zinazopunguza tofauti. Kwa kilomita 15 kwa saa, yaani mita 4.2 kwa sekunde, mtu mzima mzoefu anaweza kukimbia hivyo. Kwa kilomita 30 ni mita 8.3 kwa sekunde, kasi ambayo wengi hawaifikii hata wakikimbia kwa nguvu zote, na kuanguka kwa kasi hiyo kuna nishati sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 3.5, juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kuna anayedhani akijirusha kwenda nyuma atajiokoa. Kweli atapunguza kasi, lakini kwa mita 2 hivi kwa sekunde tu. Zinabaki 6.3, na sasa ataangukia kisogo. Wakatazwe kabisa kujaribu, na wajue sababu.

Shuleni tumia baiskeli. Inatoa kila kitu ambacho lori linatoa, kwa kasi ambayo kosa lake ni mchubuko.

Jaribio la kwanza ni la kudondosha. Tafuta eneo tambarare lenye mstari mnyoofu wa mita 20 na zaidi. Chora mistari kwa chokaa kila nusu mita kwenye mita 6 za katikati. Mwendeshaji apate mita 10 za kuongeza kasi, kisha ashike mwendo wa mita 4 kwa sekunde: mita 10 kwa sekunde 2.5, mwenzake anampigia hesabu kwa saa ya simu. Anayedondosha awe mwingine, amekaa kwenye keria, ameshika mpira wa tenisi pembeni kwa urefu wa mita 1.2. Ukimpa mwendeshaji kazi zote mbili, anapunguza mwendo na kuyumba palepale anapoachia, na kipimo kinaharibika. Mpira usitupwe, vidole vifunguliwe tu. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi asimame pale anapodhani mpira utatua, kwa kuhesabu kutoka mstari wa kuachilia. Wengi watasimama kwenye mstari wenyewe, na baadhi watasimama nyuma yake.

Mpira unachukua sekunde 0.49 kuanguka, na utatua kama mita 2 mbele ya mstari. Mara nyingi itakuwa mita 2 na kitu, kwa sababu mtu huchelewa kidogo kufungua mkono anapouona mstari. Mwambie aanze kutazama mstari mapema, au pima kutoka pale video inapoonyesha mkono umefunguka, ambayo ndiyo njia bora.

Simu mbili ndizo roho ya jaribio. Moja iwe pembeni, imetulia juu ya stendi au kiti, mita 8 kutoka kwenye njia na kwa pembe mraba. Ya pili ifungwe kwenye baiskeli yenyewe ikitazama upande unaodondoshewa mpira, kwenye kipande cha ubao kinachochomoza ili ipate mkono na ardhi kwa pamoja. Picha 30 kwa sekunde zinatosha kupata alama kama 15 za mpira ukianguka. Kama simu ina 120, bora zaidi. Fanyeni kwenye jua kali. Mawingu yakiwa mazito, simu inaacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi na mpira unageuka mstari uliofifia.

Jaribio la pili ni la lori lenyewe. Utahitaji bomba la plastiki la inchi 3, urefu wa sentimita 40, ambalo mpira wa tenisi unapita bila kubana. Kata mifereji miwili inayotazamana kwa urefu wa sentimita 25, ukianzia upande wa nyuma. Ndani weka kipande cha mti cha mviringo chenye msumari mrefu uliopenya pande zote mbili hadi nje ya mifereji, na ufunge vipande vya tyubu ya baiskeli kutoka ncha za msumari hadi karibu na mdomo wa bomba. Ukivuta mti nyuma, tyubu zinanyooka. Uzuie kwa pini yenye uzi, na uzi ukivutwa mti unaruka na kusukuma mpira. Mifereji iishe sentimita 15 kabla ya mdomo, ili mti usitoke na mpira.

Kabla ya kulifunga kwenye keria, lirekebishe mezani. Weka bomba likiwa limelala sawasawa, mdomo uwe sentimita 80 juu ya ardhi, ambao pia ni urefu wa kawaida wa keria. Kwa urefu huo mpira unaanguka kwa sekunde 0.4, kwa hiyo ukitua mita 1.6 mbele, unatoka kwa mita 4 kwa sekunde. Ongeza au punguza mvuto wa tyubu mpaka ufike hapo, kisha fyatua mara kadhaa bila kugusa kitu. Ikiwa sehemu za kutua zinapishana kwa zaidi ya sentimita 10, usiendelee. Sababu huwa mti unaokwama kwenye mifereji au pini inayoteleza badala ya kutoka mara moja. Rekebisha asubuhi ileile ya somo, kwa sababu tyubu iliyokaa juani hulegea.

Sasa elekeza mdomo nyuma, baiskeli iende mita 4 kwa sekunde, uzi uvutwe. Mpira ukitua kuelekea inakokwenda baiskeli, baiskeli ilikuwa na kasi kuliko bomba. Ukitua kinyume chake, bomba ndilo lililozidi. Kila sentimita 16 za kukosa ni tofauti ya asilimia 10, kwa hiyo kosa lenyewe ni kipimo, na wanafunzi wahesabu kasi halisi ya baiskeli kutokana nalo. Usitumie toroli jepesi la maabara. Mpira wa gramu 58 ukifyatuliwa kwa mita 4 kwa sekunde unalisukuma mbele toroli la kilo 2 kwa mita 0.12 kwa sekunde, na hesabu inavurugika. Baiskeli yenye watu haisikii kitu. Asisimame mtu nyuma ya bomba, hata kama nishati ni nusu jouli.

Kusoma video hakuhitaji programu yoyote. Laza karatasi ya plastiki inayoona juu ya kioo cha simu, sogeza video picha moja moja, na uweke nukta ya kalamu ya wino mzito kila mpira ulipo. Katika jaribio la kwanza, simu ya pembeni itatoa mkunjo mrefu na simu ya baiskeli itatoa mstari wima. Katika la pili vinabadilishana: wima kwa aliyesimama, mkunjo kwa aliye kwenye baiskeli. Weka karatasi nne ubaoni, na mpira ulikuwa mmoja.

Kama muda unabaki, rudieni jaribio la kwanza, lakini mwendeshaji afunge breki mara mpira unapoachiwa. Simu ya baiskeli itaonyesha mpira ukichomoka mbele bila kusukumwa na chochote. Ya pembeni itaonyesha mkunjo uleule wa mwanzo, na baiskeli ikibaki nyuma yake. Waulize ni kani gani iliyousukuma mpira kwenye video ya kwanza kati ya hizo mbili, na uwaachie swali hilo walifanyie kazi nyumbani. Somo la fremu zinazobadilisha mwendo linaanzia hapo.